Bunju wako hajatulia, anapiga hesabu tu

Jamani kuna hii picha naiona kila mara, tangi kubwa la samaki wa kufuga nyumbani limewashwa taa ya bluu, ndani kuna samaki wa mapambo, oska wawili, pleko mkubwa kama kiatu, yule wa kunyonya vioo, pengine na arowana, samaki mrefu, anapita juu, na pale konani bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, katulia na lile tabasamu lake, mwenye tangi anakwambia wanaishi kwa amani mwezi wa nne huu. Watu wanasifia. Mi siku hizi sisemi kitu, nayaangalia tu mapezi ya oska. Ukiikuza hiyo picha kwenye simu utaona, kule nyuma kwenye pezi la mgongoni kuna kipande hakipo.

Na msidhani nawasema watu, mi mwenyewe nilikuwa na picha hiyohiyo. Tangi la lita 500, bunju wa aina ya fahaka wa kama sentimita 18 hivi, oska mmoja aliyekuwa ameshampita urefu, na pleko. Miezi saba. Kila aliyekuja nyumbani nilimwambia hizi habari za bunju mkorofi ni chumvi tupu, samaki ni malezi, ukimkuza nao tangu mdogo anawaona ndugu zake. Ndugu zake! Nikikumbuka nacheka peke yangu, ila sio kicheko cha furaha.

Ninayemsema hapa ni fahaka, kitaalamu Tetraodon lineatus, bunju wa maji yasiyo na chumvi mwenye mistari ya njano ubavuni, kwao ni Naili na Niger na Volta na Ziwa Chad mpaka Turkana huko, na anaweza kufika sentimita 43. Hilo jina Tetraodon maana yake meno manne, mawili juu mawili chini, yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua maisha yake yote. Sasa fikiria samaki aliyepewa koleo badala ya meno ili apasue konokono na kaa, halafu we unamweka na wenzake wenye mapezi laini yanayopepea mbele ya uso wake kutwa kucha. Konokono kajifungia ndani ya nyumba ngumu kama jiwe na bado anapasuliwa, pezi la oska litapona kwa lipi?

Watu wanapenda kusema bunju mzito, hana mbio, oska atamkimbia. Kweli mbio za mbali hana. Lakini kaa chini siku moja umwangalie anavyoogelea, mkia kaukunja pembeni hauna kazi, anaendeshwa na vipezi vya ubavuni na kale ka mgongoni na ka chini, vinatetemeka kama feni, kwa hiyo anasimama palepale hewani, samahani, majini, anageuka bila kusogea, anarudi nyuma kama gari liko rivasi, na macho kila moja linazunguka kivyake kama ya kinyonga. Huyo hana haja ya kumkimbiza mtu. Anasogea taratibu mpaka karibu, anatazama, anatazama tena, halafu kap! Mara moja tu, kisha anarudi zake konani kama hajui kitu.

Na hapa ndo naona hili neno "mkorofi" limetupoteza wengi. Oska akiwa na ugomvi utaujua, anatanua mapezi, rangi inabadilika, wanashikana midomo na mwenzake wanasukumana, mmoja akishindwa anakimbia, yameisha. Kwa hiyo sisi tuliozoea samaki wa namna hiyo tukiona bunju hatanui chochote na hafukuzi mtu tunasema ametulia. Wapi. Yule hagombani na jirani, yule anaonja. Hana chuki na oska hata kidogo, anataka tu kujua kile kinachopepea pale kinaliwa au hakiliwi, na chombo alichopewa cha kujulia ni hayo meno. Miezi saba ya amani kwake ni miezi saba ambayo hajapata nafasi nzuri ya kuonja.

Mwezi wa nne niliona pengo kwenye pezi la mgongoni la oska, nusu duara safi kabisa kama limekatwa na ile mashine ya kutobolea karatasi. Nikajiambia kajigonga kwenye gogo. Gogo gani linakata nusu duara? Lakini ukishalipenda tangi lako utaamini hata gogo. Mwezi wa sita ikawa mkia. Hapo nikamsingizia pleko, maana pleko wakubwa usiku wana tabia ya kwenda kunyonya ute kwenye ubavu wa samaki waliolala, na hilo ni kweli wanafanya, ila pleko anakwangua, anaacha ngozi imechubuka, haachi nusu duara. Nilikuwa nalijua hilo. Nilijua kabisa.

Mwezi wa saba usiku nimeamka kunywa maji, saa nane hivi, nikapitisha tochi ya simu kwenye tangi. Oska kalala chini, kaegemea upande kama wanavyolalaga, na bunju yuko juu ya kichwa chake, umbali wa vidole vitatu, mkia kaukunja, macho yote mawili yanatazama sehemu moja. Bunju mkitazamana naye kwa jicho moja ujue anakuchunguza, akielekeza yote mawili ameshamaliza kufikiri. Nikapiga kioo kwa kiganja akarudi nyuma. Na mi nikarudi kulala. Ndio, nilirudi kulala, hilo ndo sijajisamehe mpaka leo. Asubuhi oska alikuwa na jicho moja.

Haya, tuseme wa kwako ni mpole kweli. Wapo, silka zinatofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja na siwezi kumbishia mtu samaki wake. Bado kuna suala la chakula, na naona watu wanalipita haraka sana wakati mipango mingi inafia hapohapo. Meno ya bunju lazima yasagike kila siku kwa kupasua vitu vigumu, konokono na ganda lake, kome, miguu ya kaa, ukimpa laini tupu yanarefuka. Sasa jaribu kumlisha konokono kwenye tangi lenye oska. Unadondosha, oska anatokea kama mshale, kameza mzimamzima, bunju ndo kwanza anageuza jicho moja kuulizia kimeanguka nini. Kwa hiyo unaanza kumpelekea bunju vipande vya kamba vilivyomenywa, kwa koleo refu, mdomoni kabisa, ili angalau apate, na unajiona mjanja, kumbe unamharibia meno, na hao kamba wenyewe wakiwa ndo chakula pekee wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo tatizo juu ya tatizo.

Wa kwangu yalirefuka mpaka akawa anakipiga chakula kinadondoka, anakipiga kinadondoka. Dawa yake ni kuyakata, unamlewesha kidogo kwenye ndoo ya maji yenye mafuta ya karafuu, unamshika na kitambaa kilicholowa, unakata na koleo ndogo huku mikono inatetemeka na unahesabu pumzi zake. Nilifanya mara moja. Ule mlio wa jino kukatika siutaki tena kwenye nyumba yangu, na yote hayo kisa nilitaka awe na majirani.

Halafu ratiba. Fahaka mkubwa hali kila siku, mara mbili tatu kwa wiki zinamtosha, ukimzidishia ananenepa vibaya. Oska yeye kila siku anakusubiri mlangoni kama mtoto. Maana yake kuna siku maji yanajaa harufu ya chakula, kila mtu anatafuna, bunju peke yake hapewi. Tunamwamsha hamu, tunamnyima, tunazima taa, halafu asubuhi tunashangaa kaonja mkia wa mtu!

Maji sitayasema sana, mnajua wenyewe. Bunju anakula kwa fujo, mabaki ya konokono yanaozea kwenye mchanga, oska naye ni mchafu wa kujitegemea, filta inazidiwa, amonia, ile sumu ya uchafu wao, inapanda, na bunju ndo wa kwanza kuumia kwa sababu hana magamba ya kumkinga kama wenzake. Hiyo ngozi wazi inaleta kesi nyingine, jirani akishang'atwa kidonda kinashika ukungu, unataka kuweka dawa, na dawa nyingi hasa zenye shaba bunju hazivumilii. Yaani mng'ataji anakuzuia kumtibu mng'atwaji. Mi hapo ndo nilianza kuhamisha samaki kwa ndoo usiku.

Kuna wanaosema basi weka wakubwa kweli, wa kumtisha. Kambare mkia mwekundu, kwa mfano. Hapo umegeuza tu upande wa msiba, kwa sababu kambare yule ana mdomo wa kummeza bunju ambaye bado hajakua, na bunju akifika kooni anajijaza maji anakuwa mpira, haingii hatoki, asubuhi unatoa wawili kwa mpigo. Na samaki wadogo wenye kasi ndo wengine wanashauri, wale hawang'atwi sana mchana, wanapungua tu mmoja mmoja usiku na hutaona hata mfupa.

Mwingine atanitajia mbu. Simaanishi huyu anayetunyima usingizi, namaanisha Tetraodon mbu, bunju wa mto Kongo na Ziwa Tanganyika, na ni kweli wengi wao wapole kuliko fahaka na kuna watu wamemchanganya wakafanikiwa. Sikatai. Ila huyo anafika sentimita 67, ni samaki wa urefu wa mkono wa mtu mzima na mwili kama mto wa kulalia, anataka lita 2000 na zaidi, na wanaofanikiwa naye ndo hao wenye nafasi hiyo, ambapo jirani akitaka kukwepa ana pa kukwepea. We una lita 500 kama zangu, unachukua mfano wa mtu mwenye bwawa. Na hata kwao hao, muulize vizuri atakwambia ana tangi la akiba pembeni. Kila mtu anayejua bunju ana tangi la akiba, hicho hakionekani kwenye picha.

Hoja ya upweke ndo inanichosha zaidi, ati peke yake anahuzunika, angalia anavyopanda na kushuka kwenye kioo. Anapanda na kushuka kwa sababu hana cha kufanya. Mpe mchanga laini wa kujifukia, magogo, mimea migumu, mwachie konokono hai waliotawanyika awatafute mwenyewe, hamisha vitu kidogo mara mojamoja. Wa kwangu nilipombadilishia mpangilio alizunguka siku nzima anakagua kila jiwe kama mpangaji mpya, na akimwona anayemlisha anakuja mbele anatingisha mwili mzima. Ukitaka uhusiano na samaki huyo hapo unao, wa nini tena oska katikati?

Kama umeshachanganya na unasoma hii moyo unadunda, basi usisubiri pengo la pili. Wavu wa kugawa tangi unasaidia kwa muda, japo fahaka akiwa na shida na wavu wa plastiki anautafuna, hakikisha ni mgumu. Na wakati wa kumhamisha usimnyanyue na wavu wa mkono, mchote na bakuli au ndoo akiwa ndani ya maji, maana akitolewa nje akajijaza hewa badala ya maji anaweza kushindwa kuitoa. Ni yeye wa kuhama au wao? Mi niliwahamisha wao kwa sababu waliojeruhiwa walihitaji dawa, na tangi la bunju nikaliacha la bunju.

Sasa hivi kajifukia, yamebaki macho tu juu ya mchanga, anamfuata kwa jicho moja konokono anayepanda kioo na lingine ananiangalia mi ninavyoandika. Oska yuko tangi la chumba cha pili. Ameshazoea, anakula vizuri, kakua, ila ukimdondoshea chakula upande wa kushoto hakioni mpaka kifike chini, inabidi azungushe mwili wote ndo akipate, kwa hiyo kila jioni nalazimika kuzunguka nyuma ya meza nimdondoshee kwa kulia.