Kwa nini mbwa wangu ana kizimba badala ya mnyororo

Hapa Mikindani nimekuwa nikiona mbwa wa ulinzi wakifungwa mnyororo chini ya mti tangu utotoni, na mimi mwenyewe nilimfuga mmoja hivyo hivyo. Alishinda amefungwa, akimrukia kila apitaye hadi mnyororo ukamchuna shingo, na siku mnyororo ulipokatika akamng'ata mtoto wa jirani. Kosa lilikuwa langu, si lake. Kwa huyu wa sasa nimetumia kizimba, na ninaamini kwa dhati kwamba kinamfaa mbwa na kinawafaa watu wanaomzunguka.

Wapo wanaokiona kizimba kuwa jela, na kweli huwa jela kikitumiwa kumwadhibu au kumfungia kutwa nzima. Mimi wiki ya kwanza sikufunga mlango kabisa. Nilimwekea dagaa ndani, akaingia na kutoka apendavyo, ndipo nikaanza kufunga kwa dakika tano, kisha kumi, nikiwa karibu naye. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hawezi kujizuia haja kwa zaidi ya saa tatu hivi, kwa hiyo anayekwenda shambani asubuhi na kurudi jioni lazima awe na mtu wa kumtoa. Wala kizimba kisiwe kikubwa mno: kinatosha mbwa akiweza kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kulala amejinyoosha, kwa sababu kikizidi hapo mtoto wa mbwa hulala upande mmoja na kuchafua upande wa pili, na somo la usafi linapotea. Joto la pwani nalo lisisahauliwe. Mbwa hajipozi kwa jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema, kwa hiyo seremala alinipigia mbao zenye nafasi pana, nikakiweka uani chini ya kivuli cha makuti, pamoja na bakuli la maji.

Katika mji wenye Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, jambo hili lina uzito wake. Mgeni akipiga hodi, au mama mkwe akitandika mkeka wa kuswalia, mbwa huambiwa neno moja tu na huingia kizimbani mwenyewe.

Lakini faida ninayoithamini kuliko zote inahusu kichaa cha mbwa. Mtu aking'atwa, jeraha huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, naye hupelekwa hospitali bila kusubiri. Mbwa mwenyewe, ikiwa anaonekana mzima, huchunguzwa kwa siku 10. Mbwa aliyezoea kizimba humaliza siku hizo kwa utulivu, ilhali asiyezoea hutoroka, au huuawa kwa mawe kabla haijajulikana kama alikuwa mgonjwa. Hata siku ya chanjo, ambayo kila mbwa anastahili kuipata, wangu hufikishwa kwa daktari wa mifugo bila kuburutwa.

Korosho zinapoanza kudondoka, mwezi wa Oktoba, tunahamia shambani kuzilinda, na kizimba hupakiwa kwenye guta pamoja na magunia. Usiku wa kwanza mahali pageni, mbwa huingia humo bila kuitwa, akalala.