Breki za gari la umeme hufa kwa kukaa

Aliyeniuzia Nissan Leaf aliniapia kwamba pedi za breki nitazisahau. "Gari la umeme halili breki, kaka." Kwa upande mmoja alisema kweli. Ukiinua mguu kwenye mafuta (ndiyo, bado tunaita mafuta), mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na papo hapo inalipunguza gari mwendo. Pedi, na diski za chuma zinazobanwa na pedi hizo, zinangoja hadi ukanyage kwa nguvu, au gari likaribie kusimama kabisa. Ambacho hakuniambia ni kwamba chuma kinachongoja, tena chuma kinacholala Kigamboni na kuvuka bahari kwa feri kila asubuhi, hakikai hivihivi. Kinashika kutu.

Kelele ilianza kidogo kidogo. Mwanzoni ulikuwa ule mkwaruzo wa asubuhi, hasa baada ya mvua au nikiwa nimeliosha gari jioni: kanyaga mara tatu nne, unapotea. Huo hauna neno. Ni kutu nyepesi juu ya diski, pedi zikipita zinaifuta. Kilichonitia wasiwasi ni mluzi mwembamba, nyuma kushoto, uliolia hata kama sijagusa breki, kisha nikikanyaga unabadilika sauti. Kwenye gari la petroli pengine ningeishi nao mwezi mzima bila kuujua. Leaf haina injini ya kuuficha. Ulisikika kama mbu aliyefungiwa ndani ya chandarua.

Nikaenda gereji moja. Kijana akasikiliza dakika moja, akasema pedi za mbele zimekwisha. Akabadilisha, nikalipa, nikatoka, na mluzi ukatoka na mimi.

Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wetu. Gari likiitwa la umeme, fundi hufanya moja kati ya mawili: ama anaogopa hata kulipiga jeki, ama analitendea kama Corolla, kwamba breki ikilia basi pedi imekwisha. Hofu haina msingi. Zile nyaya nene za rangi ya chungwa, zenye umeme wa kuua, hazipiti kwenye kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski. Zima gari, ufunguo uweke mbali lisije likaamka, fungua nati kama za gari lolote. Ila ugonjwa ndio tofauti. Pedi za Corolla huuawa na kazi, za Leaf huuawa na uvivu.

Kabla hujamlipa mtu, kuna jaribio la bure. Tafuta barabara isiyo na magari, ukiwa kwenye mwendo weka gia N (nyutro). Hapo mota haivuti wala hairudishi umeme, zinabaki breki peke yake. Kelele ikikata palepale, yawezekana ulikuwa unaisikia mota na gia zake. Ikibaki, na ikizidi unapokanyaga, mgonjwa yuko magurudumuni. Jaribio la pili ndilo ninalolipenda. Endesha safari yako kama kawaida, ukifika pitisha kiganja karibu na kila rimu, usiguse diski. Gari la petroli likitoka kwenye foleni za mjini, rimu zote zina moto, hujui umshike nani. La umeme hazitakiwi kuwa na moto wa maana, kwa hiyo yenye joto inajitaja yenyewe. Yangu ilikuwa ya nyuma kushoto, na hapo nikaelewa pia kwa nini siku hizi chaji ilikuwa inawahi kuisha. Nilikuwa natembea huku breki imeshika.

Fundi wa pili ni mzee wa daladala, gari la umeme hajawahi kuligusa. Akapiga jeki, akazungusha gurudumu kwa mkono, likagoma. Akafungua kalipa. Pini ya chini, inayoiwezesha kalipa kuteleza, ilikuwa imeganda kwa kutu, raba yake ya kuzuia vumbi imechanika. Pedi ya nje bado nene. Ya ndani imeliwa hadi kile kibati kilichowekwa makusudi ili kikwaruze diski na kupiga kelele pedi ikikaribia kwisha. Ndicho kilichokuwa kinapiga mluzi. Akazishika zote mbili, moja kila mkono. "Unaona? Mzigo wa wawili kabebeshwa mmoja."

Akasugua pini kwa msasa laini, akapitisha brashi ya waya pale masikio ya pedi yanapokalia, maana kutu hupenda kujificha hapo, akaweka raba mpya na grisi ya breki. Grisi ya breki, narudia, si ya beringi. Ile ya kawaida huvimbisha raba, na baada ya muda unarudi palepale. Diski alipima unene kwanza, kikomo chake kimechapwa kwenye diski yenyewe, ndipo zikaenda kuchongwa. Pedi za nyuma akabadilisha pande zote mbili.

Pedi mpya zinataka kuzoeshwa, na hapo gari la umeme linakudanganya tena: ukikanyaga taratibu, mota ndiyo inayofanya kazi, pedi hazipati moto. Basi Jumapili alfajiri, barabara tupu, nilipofika kilomita 60 kwa saa nikaweka N, nikakanyaga hadi 10 bila kusimama, nikaziacha zipoe, nikarudia mara kumi hivi. Sasa kila wiki nazikumbusha kazi, mara tatu nne zinatosha.

Volkswagen walipotoa magari yao ya umeme, ID.3 na ID.4, yenye breki za dramu nyuma (zinazokaa ndani ya kopo la chuma badala ya diski iliyo wazi), watu walicheka, eti wamerudi zama za babu. Nami nilicheka. Lakini dramu imefunikwa, maji na chumvi haviingii kirahisi, na kwa breki inayoitwa kazini mara moja moja, hiyo ni akili kubwa. Ingewezekana, Leaf yangu ningeivalisha dramu kesho.

Mzee alinitoza chini ya nusu ya nilicholipa kule gereji ya kwanza. Zile pedi za mbele nilizong'olewa bila sababu bado zilikuwa na nyama ya miaka, na sikukumbuka kuziomba. Nadhani hivi sasa zinasimamisha gari la mtu.