Roketi Imevuja, na Wamesema Imevuja

Asubuhi ya tarehe 3 Februari 2026 nilitoka zamu ya usiku nikafungua simu kabla ya kuvua viatu. Likizo nilikuwa nimeshaiomba, na watoto walishachagua mahali pa kusimama ufuoni. Habari niliyoikuta ni kwamba hidrojeni, mafuta ya roketi, inavuja. Zoezi la kujaza mafuta roketi ya Artemis II, safari ya Marekani ya kupeleka watu kuuzunguka mwezi, lilikuwa limesimama zikiwa zimebaki dakika tano na ushei kwenye hesabu ya kurusha, na safari ya Februari ilikuwa imesogezwa hadi Machi.

Ninaishi Titusville, Florida. Ng'ambo ya maji kuna uwanja wa kurushia roketi, 39B, ambako roketi hiyo ya mita 98 ilikokotwa Januari 17. Watu wanne waliopangwa kupanda walikuwa Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen wa Kanada. Walipangiwa kuupitia mwezi kwa nyuma na kurudi, siku kama 10, bila kutua. Tangu safari ya Apollo 17, Desemba 1972, hakuna binadamu aliyekuwa amefika huko, na Orion, chombo walichopangiwa kukaa ndani yake, kilikuwa hakijawahi kubeba mtu. Ndiyo maana wenyewe waliiita safari ya majaribio.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza ninachowaonea wivu watu wa huku. Wengi hudhani nitataja barabara au mshahara. Mimi ninawaonea wivu siku ile. Wakubwa wa mradi walikaa mbele ya waandishi wa habari wakaeleza palipovuja, pale mabomba ya mafuta yanapoungana na roketi, wakakiri kwamba tatizo hilo liliwasumbua pia mwaka 2022. Hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na ikiwa kimiminika ina baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Chuma husinyaa kwa baridi hiyo, nayo hidrojeni hupenya penye upenyo usioonekana kwa macho. Jirani yangu, mzee aliyetazama Apollo zikiruka, alikunja kiti chake akasema atarudi Machi.

Nikamkumbuka mjomba wangu, fundi wa mabomba huko kwetu Kenya, kaskazini ya Malindi. Miaka michache iliyopita kijiji kilijengewa tangi la maji. Mjomba akaonya kwamba bomba kubwa linavuja kwenye maungio, akaomba wiki mbili. Wiki mbili! Akaambiwa anaharibu sherehe ya mheshimiwa. Lori la maji likaletwa usiku kujaza tangi, utepe ukakatwa, bomba likafunguliwa, tukapiga vigelegele. Baada ya siku tatu maji yakaisha. Mama yangu bado anabeba mitungi, na mjomba hajaitwa kazi nyingine ya mradi hata moja.

Sisemi Wamarekani walizaliwa na adabu hii. Waliinunua kwa damu, na kwenye uwanja uleule wa 39B. Januari 28, 1986, asubuhi ya baridi kali, walirusha chombo cha anga Challenger. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walisihi kwa simu kwamba mipira ya kuziba maungio huenda isifanye kazi kwenye baridi ile. Wakubwa wao wakawapuuza. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilivunjika, na watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, wanafunzi wake wakitazama. Mwaka 2026 zoezi lenyewe la kujaza mafuta lilisogezwa siku kadhaa kwa sababu ya baridi, na hapa mjini sikumsikia mtu akilalamika.

Tena asiniambie mtu kwamba roketi si mambo yetu. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri kwetu Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Walikuja kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisukuma roketi zaidi. Babu yangu alikuwa mvuvi. Alizoea kusimulia vile walivyokatazwa kutia ngalawa baharini siku za kurusha, nao wakatii, kwa kuwa walielezwa sababu. Watu wetu wakielezwa ukweli hungoja. Wanaodhani wananchi hawawezi kuvumilia kusikia "bado" wanatudharau, na mimi dharau hiyo inaniuma zaidi ya kiu.

Jumapili nilimpigia mjomba nikamweleza yote, hidrojeni, maungio, Machi. Alisikiliza kimya, kisha akauliza:

"Na hao waliosema inavuja, wamefanywa nini?"

"Wako kazini, mjomba."

"Wote?"

"Wote."