Wastani wa Namba za Simu

Mkuu wa idara yetu ya huduma kwa wateja ni mtu wa vitendo, na huamini kwamba chochote kilichomo ndani ya kompyuta kiliwekwa humo ili kitumiwe chote. Ndiyo maana aliposikia kwamba Excel ina programu jalizi, yaani nyongeza, ya kuchambua takwimu iitwayo Analysis ToolPak, ambayo huja pamoja na programu yenyewe lakini hulala hadi mtumiaji aiamshe, alipandwa na hasira kama mwajiri aliyegundua kuwa kuna mtumishi anayelipwa kila mwezi bila kupangiwa kazi.

Bodi ilikuwa ikutane alasiri kujadili malalamiko ya wateja, nami niliitwa nikae kando yake ili nishuhudie. Alifungua menyu ya Faili, akaingia kwenye Chaguzi, akafika kwenye ukurasa wa programu jalizi, akaliona jina alilolitaka katika orodha ya zile zilizolala, akalibofya na kubonyeza Sawa. Dirisha likafungwa na hakuna kilichobadilika. Akarudia, safari hii akilibofya jina kwa nguvu zaidi, na dirisha likafungwa tena kwa adabu ileile. Orodha hiyo ni ya kutazama tu. Mlango wenyewe ni kitufe kidogo cha Nenda, kilichojibanza chini kabisa ya ukurasa, ambacho hufungua kidirisha kingine chenye visanduku vya kutiwa tiki. Nilipomwonyesha, alivitia tiki vyote, kikiwemo cha zana za sarafu ya yuro, ingawa idara yetu haijawahi kushika yuro hata moja.

"Tusiache kitu, kijana," alisema.

Kitufe kipya kilikuwa kimetokea mwisho wa upande wa kulia wa kichupo cha Data, mahali ambapo Mkuu alipaangalia baada ya kumaliza kwingine kote. Alipokibonyeza ilijitokeza orodha ya zana 19, naye akaisoma yote kwa sauti hadi alipokwama kwenye uchanganuzi wa Fourier.

"Huyu Fourier ni nani?"

"Ni mwanahisabati wa Kifaransa, Mkuu. Alifariki mwaka 1830."

"Basi tumwache apumzike."

Akachagua takwimu elezi, zana inayotoa wastani na muhtasari mwingine wa namba. Jedwali letu lilikuwa na safu mlalo 640 za malalamiko na safuwima nne: namba ya jalada, tarehe, dakika ambazo mteja alisubiri, na namba yake ya simu. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba safuwima ya dakika peke yake ndiyo yenye wastani wa maana. Alinijibu kwamba kompyuta haichoki, anayechoka ni mimi, kisha akazichagua zote nne. ToolPak ikakataa, ikidai kwamba eneo alilochagua lina data ambazo si namba. Sehemu ya kosa ilikuwa vichwa vya safuwima, na hilo lilitibika kwa kutia tiki kisanduku cha lebo. Sehemu nyingine ilikuwa namba za simu, ambazo zilihifadhiwa kama maandishi ili sifuri ya mbele isipotee, kila seli ikiwa na kipembetatu cha kijani kwenye kona yake ya juu. Mkuu aliona vile vipembetatu kuwa ni ugonjwa. Aliteua safuwima nzima, akabofya alama ya tahadhari, akachagua kugeuza kuwa namba, na sifuri 640 zikatoweka kwa mpigo mmoja.

"Sasa pamekuwa pasafi," alisema, akatia tiki kwenye takwimu za muhtasari, na jedwali likamwagika kwenye laha mpya.

Mbele ya bodi, Mkuu alianza na majalada. Yamepewa namba kuanzia 1 hadi 640, kwa hiyo ToolPak iliripoti kwamba jalada la wastani ni la 320.5, naye akaagiza lifuatiliwe. Mahali pa modi, yaani namba inayojirudia kuliko zote, palikuwa na #N/A, alama ya kwamba hakuna jibu, kwa kuwa hakuna namba ya jalada iliyojirudia. Hapo alisema kompyuta imeamua kutunza siri. Wastani wa tarehe ulizidi elfu arobaini na tano, kwa sababu Excel huhesabu siku kuanzia tarehe 1 Januari 1900, na wajumbe wakashtuka kwa kudhani hiyo ndiyo idadi ya malalamiko.

Kwenye dakika, Mama Mwenyekiti aligundua kwamba mteja mmoja ameandikiwa kusubiri dakika 480 badala ya 48. Mkuu alisahihisha palepale, huku wote wakikodolea macho ukutani. Wastani haukutikisika. Akabonyeza Ingiza mara kadhaa, kisha akanitazama. Nikaeleza kwamba zana hii huandika majibu yaliyokwisha kukokotolewa, wala haiachi fomula, hivyo data zikibadilika ni lazima uchambuzi uendeshwe upya.

"Kwa hiyo ushahidi umebadilika, ila hukumu ni ileile," alisema Mama Mwenyekiti, na akaiandika hoja hiyo.

Tulipofika kwenye simu, jumla ya namba zote iliwatisha kidogo, na varayansi, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika, iliyojaa herufi E katikati ya tarakimu, ilirukwa. Kilichomvutia Mama Mwenyekiti kilikuwa modi.

"Hii mbona inafanana na namba ya simu kamili?"

"Ni ya simu, Mama," nilimjibu. "Ndiyo iliyojirudia kuliko zote."

Akairudishia sifuri yake, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Hatimaye!" ilinguruma sauti ya mwanamume kabla hajasema hata halo. "Nani kati yenu ana jalada langu?"

"Jalada lipi, mheshimiwa?" aliuliza Mkuu.

Mwanamume yule akaanza kuyataja moja baada ya jingine, na katibu wa kikao akaacha kuandika alipoona karatasi inaelekea kwisha. Uchambuzi wa kipuuzi kuliko wote tuliofanya siku hiyo ndio uliompata mteja wetu mwenye machungu kuliko wote, na uso wa Mkuu ulikuwa uking'aa.

"Nataka na anayemfuata," alisema Mama Mwenyekiti alipokata simu.

Nilifungua kinywa kueleza kwamba ToolPak haitoi modi ya pili, lakini Mkuu alikuwa ameshakiona kisanduku cha thamani kubwa ya K, ametia tiki na kuandika 2.

"Mkuu, hiyo itakuletea namba ya simu iliyo kubwa kwa tarakimu tu, ya pili kutoka juu. Huenda mwenyewe alilalamika mara moja, akasaidiwa, akaridhika."

"Mkubwa ni mkubwa, kijana," alinijibu, na simu ilikuwa tayari inaita.