Tembe la mtemi: litengenezwe au liachwe lirudi udongoni?

Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, ina Ikulu ya Rais iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Neno "ikulu" tumelirithi kwa watemi wa bara; Wanyamwezi na Wasukuma waliyaita hivyo makao ya mtawala wao. Wilaya hiyohiyo ina Mvumi, alikotawala Mtemi Mazengo wa Wagogo. Ndiyo maana naona si swali dogo watu wa Ugogo, nchi ya Wagogo, wanapobishana kuhusu makao ya zamani ya watemi, yaani matembe yao ya udongo: yatengenezwe au yaachwe yaanguke?

Anayetarajia kasri atavunjika moyo. Tembe la mtemi lilijengwa kwa miti ileile na udongo uleule wa tembe la jirani yake. Nguzo zenye panda husimikwa ardhini, mihimili hulazwa kwenye panda, kisha fito, kisha nyasi au matawi, na juu kabisa tabaka nene la udongo. Ukuta haubebi paa: ukibomoka unaukandika upya, nyumba ikiwa bado imesimama. Paa ni bapa na nyumba ni fupi, maana huku upepo ni mkali na mvua ni haba, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Utemi ulionekana kwa urefu wa tembe, wala si kwa kimo chake. Vyumba viliongezeka kuuzunguka ua: vya wake, vya wageni, vya kuhifadhia mtama na uwele, na katikati walilala ng'ombe. Hongo ya misafara, yaani nguo, shanga na nyaya walizotoa wapitaji ili wapate njia na maji, ililipwa kwa watawala walioishi ndani ya kuta za namna hiyo. Kwangu hilo ni jambo zito: mwenye mamlaka makubwa aliinama mlangoni kama raia wake.

Wasiotaka yatengenezwe wana hoja, na hazifai kubezwa. Aliyekulia ndani ya tembe anakumbuka giza, moshi wa machoni na paa linalovuja usiku kucha. Bati kwake ni ukombozi. Miti nayo haitoshi. Mkoa huu ulimomonyoka kiasi cha kuanzishiwa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na tembe kubwa hula nguzo nyingi mno. Tena utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na kuna familia zinazokumbuka watemi kama wakusanya kodi wa mkoloni. Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowahamishia watu vijijini, kaya nyingi za kale ziliachwa, na si kila aliyeondoka alilia.

Lakini tazama Kwihara, karibu na Tabora. Tembe walilokaa wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley mwaka 1872 leo ni makumbusho. Mgeni aliyepita ametunziwa nyumba. Mwenyeji aliyempa njia je? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mengine hayalindwi mpaka yatangazwe rasmi. Tembe litafikaje huko? Mchwa hula nguzo, nguzo hubadilishwa, na baada ya vizazi viwili nyumba ni ileile ingawa hakuna mti wa awali uliobaki. Ukilipima kwa umri wa miti yake, utaliona changa siku zote.

Mimi nasimama na wanaotaka yatengenezwe, ila si kwa saruji na bati kisha kufuli mlangoni. Tembe lisilo na moto jikoni halina moshi wa kuwazuia mchwa, na lisilo na mwenyewe halina wa kuziba nyufa za paa kabla ya mvua za Desemba. Lichaguliwe moja, lile ambalo ukoo wenyewe utaridhia. Familia ikae humo na ilipwe, kama mlinzi wa makumbusho anavyolipwa, na miti ya nguzo ianze kupandwa pembeni mwaka huohuo. Novemba vijana wapandishwe juu ya paa pamoja na wazee ambao bado wanajua udongo gani haupitishi maji. Wazee hao wanapungua kila mwaka.