Uso Mkavu Si Nidhamu

Hata asiyewahi kushika karata anajua jambo moja kuhusu poka: uso usiosomeka. Mchezaji mzuri, tunaambiwa, hatabasamu akipata ree mbili wala hakunji ndita akishindwa. Mimi sikubaliani na picha hiyo. Naona imewapotosha wachezaji wengi, kwa kuwa inawafundisha kulinda kisichowaletea hasara kubwa. Uso humficha mtu kwa wapinzani wake, haumfichi kwa nafsi yake. Mtu anaweza kukaa saa nzima ametulia tuli, na bado kila dau analoweka likawa linaamriwa na mgao alioshindwa nusu saa iliyopita.

Mtazame Phil Hellmuth. Alichukua ubingwa wa shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 24, na kufikia 2023 alikuwa na bangili 17, ambazo hutolewa kwa washindi wa mashindano hayo, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Huyohuyo ndiye anayejulikana duniani kote kwa kulalamika: husimama, hunung'unika, humkaripia aliyemshinda kwa karata mbovu. Sipendi tabia hiyo hata kidogo, na anayekaripiwa hastahili. Lakini bangili 17 hazipatikani kwa mtu ambaye ghadhabu yake inaamua dau lake. Kwa jinsi ninavyomwona, kelele zake huishia mdomoni.

Kisha mtazame Stu Ungar. Alishinda shindano hilohilo kuu mwaka 1980, akarudia 1981, na baada ya miaka mingi ya kupotea akarudi na kushinda tena 1997, zawadi ikiwa dola milioni moja. Wengi waliocheza naye walimhesabu kuwa miongoni mwa vipaji vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kukaa mezani. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli Las Vegas, akiwa na miaka 45, na fedha hana. Zilimtoka kwenye madau ya farasi na michezo, na kwenye kokeini. Kusoma karata alijua kuliko karibu wote. Kipaji hicho hakikumsaidia popote nje ya meza ya karata.

Kwa hiyo nidhamu ninayoizungumzia ni ya uamuzi: kutupa karata zinazopaswa kutupwa, kulipa dau linalopaswa kulipwa, na kuinuka wakati wa kuinuka, hata moyo ukiwa unachemka. Moyo kuchemka si dhambi. Hakuna binadamu anayepoteza fedha alizozitarajia akabaki hana hisia.

Na hasira ya poka, ukiichunguza, ina chanzo kimoja kikubwa: mchezaji anaamini karata zina deni naye. Amesubiri, amecheza vizuri, amepata karata bora, basi anastahili kushinda. Hapo ndipo hesabu inapaswa kuingia, tena mapema, kabla hajaketi. Katika Texas Hold'em, ambamo kila mtu ana karata mbili za siri na tano hufunuliwa mezani kwa wote, ree mbili humfikia mchezaji kwa wastani mara moja katika kila migao 221. Ni karata bora kabisa za kuanzia. Zikikutana na kingi mbili na fedha zote zikaingia kabla ya karata za mezani kufunuliwa, ree hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Watu husikia 82 wakaisahau ile 18 iliyobaki. Ukikutana na hali hiyo mara tano, uwezekano wa kushindwa angalau mara moja ni asilimia 63 hivi. Anayekasirika kwa sababu ree zake zimevunjwa anakasirikia jambo ambalo hesabu ilimwahidi tangu mwanzo.

Sasa chukua muda mrefu zaidi, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa wasijue kwa nini. Tuseme mchezaji ana ubora wa kweli, anapata faida ya wastani wa madau makubwa ya lazima 5 (dau ambalo mchezaji mmoja hulazimika kuweka kabla ya kuona karata zake) katika kila migao 100. Hiyo ni faida nzuri. Mpandoshuko wa kawaida wa bahati katika mchezo usio na ukomo wa dau unaweza kukadiriwa kuwa madau 90 kwa kila migao 100. Baada ya migao 10,000 anatarajia faida ya madau 500, lakini mpandoshuko wake umefika madau 900, kwa kuwa migao ikizidi mara mia, mpandoshuko huzidi mara kumi. Piga hesabu utaona ana nafasi karibu tatu kati ya kumi ya kuwa kwenye hasara baada ya migao hiyo yote. Kwenye meza ya ana kwa ana, si ya mtandaoni, ambapo migao huenda thelathini hivi kwa saa, ni zaidi ya saa 330 za kukaa kitini. Saa 330 za kucheza vizuri, na mkononi hasara! Asiyeikubali hesabu hii kwa moyo wote atabadilisha mchezo wake mzuri kuwa mbaya akidhani anaurekebisha.

Najua kuijua hesabu hakutoshi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha katika kazi yao ya mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile, na kwamba mtu ambaye bado hajaikubali hasara yake huingia kwenye hatari ambazo siku nyingine angezikataa papo hapo. Sijui maelezo mafupi yanayomfaa mcheza poka kuliko hayo. Alfajiri, mtu yuko chini ya kiwango alichoanza nacho, ghafla karata alizokuwa akizitupa jioni zinaanza kuonekana nzuri. Karata hazijabadilika. Anayebadilika ni yeye, na kinachomsukuma si tena kucheza vizuri bali kurudi sifuri kabla ya kulala.

Januari 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Tuomas Sandholm na mwanafunzi wake Noam Brown, ilicheza dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, kwa siku 20 na migao 120,000. Iliwashinda kwa zaidi ya chipsi milioni 1.7, yaani vile vibao vinavyotumika kama fedha mezani. Ubora wake ulikuwa katika hesabu na mkakati, na sitaki kusema ilishinda kwa utulivu tu. Ila kuna jambo lililonigusa katika habari ile. Mashine ilipopoteza mgao mkubwa, mgao uliofuata haukuwa na kumbukumbu ya maumivu ndani yake. Usiku, ilirudi kwenye migao ya mchana kutafuta udhaifu ambao wapinzani walikuwa wameugundua, ikauziba. Sisi wengi usiku hurudia mgao mmoja tu, ule uliotuuma, na tunaurudia ili kuthibitisha kwamba tulionewa.

Wachezaji huiita hali ya kupotewa na akili mezani tilti, na karibu kila anayeizungumzia humfikiria mtu anayegonga meza. Huyo hanitishi sana, kwa sababu hata yeye mwenyewe anajua amepandwa na mori. Ninaowahofia ni wengine. Yupo aliyeshinda fedha nyingi mapema, akaanza kufuata kila dau kwa karata hafifu kwa sababu anahisi fedha zile si zake hasa, ni za bure. Ni zake, kila chipsi. Yupo aliyechoka kutupa karata kwa saa mbili, na uchovu ule ukamwambia kwamba mbili zinazofuata, hata ziwe mbovu, zichezwe angalau mara moja. Na yupo aliyemchagua mtu mmoja mezani, labda kwa sababu mtu huyo alimdanganya kwa dau la kutisha kisha akamwonyesha karata zake mbovu, na tangu hapo anacheza dhidi ya mtu yule tu huku wengine wakimkamua. Hawa watatu hawapigi kelele. Nyuso zao ni kavu kabisa.

Kuna mjadala wa zamani kuhusu kujiwekea kikomo cha hasara. Wenye hesabu kali husema hakina maana: poka ni mchezo mmoja mrefu wa maisha yote, meza ya leo na ya kesho ni ileile, na kama wapinzani wa leo ni dhaifu kuliko wewe, kuondoka kwa sababu umepoteza ni kuacha faida. Kwa nadharia wako sahihi kabisa. Lakini hoja yao inamdhania mchezaji ambaye ubora wake haushuki akipoteza, na pia anayeweza kupima kwa haki kama umeshuka au la. Hilo la pili ndilo linaloivunja hoja. Chombo unachotumia kujipima, yaani akili yako, ndicho kilekile kilichoharibika. Muulize mtu aliye katikati ya tilti kama bado anacheza vizuri, atakuapia kwamba ndiyo. Kwa hiyo mimi nasimama na kikomo, na nakitaka kiwekwe kwa namba, kabla ya kukaa, na mtu asiyekuwa na hasira, yaani wewe wa mchana. Kwa meza ya fedha taslimu, kupoteza kiingilio, yaani fedha unazokaa nazo mezani, mara mbili au tatu kunatosha kwa siku moja. Ukikosea kwa kuondoka mapema, umekosa faida ndogo. Ukikosea kwa kubaki, unaweza kuteketeza kazi ya miezi.

Mambo mengine ni ya kawaida na sitakuchosha nayo: lala, kula, usicheze ukiwa umelewa au umetoka kugombana. Fedha za poka zitengwe na za maisha, na ziwe nyingi kiasi kwamba kiingilio kimoja kisikutetemeshe mkono. Wengi hupendekeza angalau viingilio 20 hadi 30 kwa meza za fedha taslimu, na zaidi sana kwa mashindano ambayo bahati yake huyumba mno. Anayecheza kwa kodi ya nyumba hana hisia za kudhibiti. Ana hofu, na hofu ile ina haki ya kuwapo.

Hapo ndipo mipaka ya yote niliyosema inapofika. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, unautambua ugonjwa wa kamari na kuuweka pamoja na uraibu wa dawa na pombe. Dalili zake ni tisa, na nne ndani ya miezi 12 zinatosha kumfanya daktari autambue. Miongoni mwake ni kurudi kufukuzia hasara, kuhitaji madau makubwa zaidi ili kusisimka, kucheza kwa sababu ya huzuni, na kuwadanganya watu kuhusu kiasi unachocheza. Anayejiona humo asitafute mbinu za kutuliza hasira mezani, wala asisome tena kuhusu viingilio 20 au 30. Kasino na tovuti nyingi za poka zina utaratibu wa mchezaji kujifungia nje kwa hiari, na baada ya hapo hata akibadili mawazo usiku hafunguliwi mpaka muda uishe. Autumie leo. Kisha amtafute mtu mmoja anayemwamini amtajie kiasi alichopoteza, kwa namba kamili, ile ambayo hajawahi kuitamka mbele ya yeyote.