Karakana ya ndege usiipime kwa sakafu

Mtu akiingia kwenye karakana ya ndege, kitu cha kwanza kusifia ni usafi. Sakafu inang'aa, vyeti vimetundikwa ukutani, mafundi wako nadhifu. Sikatai, usafi una kazi yake: kwenye sakafu safi tone la mafuta huonekana mapema. Lakini sakafu hupigwa deki asubuhi moja tu mgeni akitarajiwa. Mimi huenda moja kwa moja kwenye ndege iliyofunguliwa ambayo kazi yake haijaisha.

Hapo utaona mengi. Mabomba yaliyofunguliwa yamezibwa au yako wazi? Skrubu zimo kwenye mfuko wenye lebo, au zimelundikana juu ya bawa? Halafu soma kadi ya kazi. Fundi wa zamu inayoingia, ambaye hakuwepo, ataelewa mwenzake ameishia wapi?

Tarehe 11 Septemba 1991, ndege ya Continental Express, safari namba 2574, ilisambaratika angani karibu na Eagle Lake, Texas. Wote 14 waliokuwamo walikufa. Usiku uliotangulia, skrubu 47 zilikuwa zimetolewa upande wa juu wa bawa dogo la kushoto la mkiani, na habari hiyo haikuwafikia waliokuja kuimalizia kazi. Mkia wa ndege ile uko juu sana. Aliyesimama chini hawezi kuona skrubu hazipo.

Baada ya hapo nenda stoo, ukae na mtunza stoo. Sioni mtu anayepuuzwa kama huyu, na ndiye anayejua mengi. Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways, safari namba 5390, kilichomoka angani, rubani akavutwa nusu mwili nje. Wahudumu walimshika miguu mpaka ndege ikatua Southampton, naye akapona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla, na kati ya boliti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Msimamizi wa zamu alizichagua kwa kuzilinganisha kwa macho na zile za zamani. Kinachoniuma ni kwamba mtu wa stoo alikuwa amemtajia saizi sahihi. Jibu lilikuwapo, likapita hivi hivi, na hakuna mtu wa pili aliyetakiwa kuikagua kazi ile kabla ndege haijaruka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ubora wa karakana uko kwenye njia ambayo habari hupita, kutoka kwa anayejua hadi kwa anayeshika spana. Vifaa vya kisasa haviwezi kuziba pengo hilo. Mitambo mipya naipita haraka.

Swali langu la mwisho humwendea fundi kijana, bosi wake akiwa mbali: mara ya mwisho bisibisi ilipopotea, ilikuwaje? Karakana nzuri ina kisa cha kusimulia. Ndege ilizuiwa, paneli zikafunguliwa upya, tochi zikamulikwa kila pembe mpaka ikapatikana, na aliyetoa taarifa hakufokewa. Nikiambiwa kwamba hapa vifaa havipotei kabisa, ndege yangu siiachi hapo.